Gari la mbio la mtoto: Breki kwanza, mwendo baadaye

Wiki nzima mtoto wa miaka minane anakumbushwa kupiga mswaki. Jumamosi anavaa helmeti na kuendesha gari la mbio.

Nchini Marekani hilo si jambo geni. Chama cha mbio za magari cha NHRA kilianzisha ligi ya watoto mwaka 1992, kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Wawili hushindana kwenye njia iliyonyooka ya mita 201 hivi, na wakubwa wao hufikia kilomita 137 kwa saa.

Watazamaji huuliza gari linakimbia kiasi gani. Mzazi makini huanza na breki.

Sababu ni namna gari linavyoondoka. Mtoto hukanyaga breki kwa mguu mmoja na mafuta kwa mwingine. Injini inanguruma, gari limetulia. Taa zikimruhusu, anaachia breki. Klachi ikivuta kwa nguvu kuliko breki inavyoweza kuzuia, gari litasogea kabla mtoto hajaamua.

Mambo ya kukagua

Kwanza, mtoto apimwe akiwa kitini, amefungwa mikanda. Unyayo ufike kwenye pedali bila mguu kunyooka mpaka mwisho.

Pili, pedali iwe ngumu. Ikibonyea kama sifongo, huenda hewa imeingia kwenye mafuta ya breki, na lazima itolewe.

Tatu, mtoto mwenyewe alizuie gari injini ikipanda, kisha alisimamishe kutoka mwendo mdogo. Nguvu za baba si kipimo.

Ukaguzi huu hurudiwa, kwa sababu mtoto anakua. Pedali iliyomfaa Januari huenda isimfae Juni.

Hatari ipo. Mwaka 2017 nchini Australia, mtoto alifariki baada ya gari dogo la aina hii kugonga ukuta. Mikanda, helmeti na kola ya shingo humlinda mtoto ajali ikitokea, lakini havisimamishi gari.

Hata kwa baiskeli

Wazazi wengi hununua baiskeli kubwa wakisema, "Atakua nayo." Kabla ya kulipa, mkalishe mtoto juu yake. Je, miguu inagusa chini? Vidole vinafika kwenye breki na kuibana mpaka gurudumu lisimame?

Kama haviwezi, baiskeli hiyo bado si yake.