“Mtoto Huyu Hasikii”: Habari za Kifaa cha Simu ya Upepo kwa Wenye Masikio Mazito



Katika Kiswahili chetu neno “kusikia” lina kazi mbili. Twasema mtu anasikia, maana yake sauti imemfika masikioni. Tena twasema mtoto anasikia, maana yake ni mtii. Kwa hiyo mama akilalamika kisimani, “Mwanangu huyu hasikii kabisa,” wenzake hawamwulizi habari za masikio. Humshauri atafute fimbo. Hata methali yetu yamwahidi mtu wa namna hiyo kuvunjika guu.

Leo yafaa tuyatenganishe mambo hayo mawili. Katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang wako watoto wanaohesabiwa wakaidi au wajinga, na wazee wanaodhaniwa wana kiburi, kumbe sauti haiwafikii. Na kipo kifaa kiwezacho kuwasaidia wengi wao: kifaa kisicho na waya, kinachochukua sauti ya msemaji na kuipeleka moja kwa moja katika sikio la msikiaji. Zamani mitambo ya jinsi hiyo iliitwa simu ya upepo. Tuone kinavyofanya kazi, kinamfaa nani, na kwa nini hakifai kitu kama msemaji naye hakubali kushiriki.

NI WENGI KULIKO TUDHANIVYO

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya usikivu mwaka 2021. Lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na kati yao kama milioni 430 wahitaji msaada. Karibu 80 katika kila 100 wa hao wahitaji wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kwa watoto, sababu 60 katika kila 100 zingeweza kuzuiwa.

Sababu zenyewe twazijua. Usaha sikioni usiotibiwa, mwezi baada ya mwezi, hutoboa ngoma ya sikio. Surua, matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo huweza kuondoka na usikivu wa mtoto. Ziko dawa pia zinazoweza kudhuru sikio, kama kwinini ikizidi kiasi, na baadhi ya sindano zilizotumika kwa kifua kikuu. Makelele nayo hula sikio polepole. Mtu aliyekaa miaka mingi juu ya trekta au kombaini katika mashamba ya ngano ya Basotu, au kando ya mashine ya kusaga, bila kuziba masikio, huja kulipa uzeeni. Na uzee wenyewe, hata bila makelele, huyachosha masikio.

MWENYE SIKIO ZITO HUSIKIA NINI?

Wengi hudhani asiyesikia vizuri yumo katika kimya kama cha kaburi. Kwa kawaida sivyo. Husikia ngoma, husikia lori likipanda mlima, husikia ng’ombe akilia. Hata mazungumzo huyasikia, ila hayaelewi.

Sababu ni hii. Sauti za a, e, i, o na u zina nguvu. Sauti za s, f, sh, th na ch ni pumzi tu, nyembamba na dhaifu, na mara nyingi ndizo zinazotangulia kupotea. Aliyezipoteza hajui kama umesema “fika” au “shika”, “saa” au “faa”. Anayesema Kiiraqw hupata taabu hiyo hiyo, maana lugha ile nayo imejaa sauti za pumzi, kama ile iandikwayo “sl”, ipitayo kandoni mwa ulimi. Ndiyo maana mzee hukuambia, “Sauti naisikia, maneno siyasikii.” Ukimpigia kelele hukuza zile sauti zenye nguvu ambazo tayari alizisikia. Humwongezei maneno, wamwongezea aibu.

Sisi makarani wa parokia twawaona watu hawa dirishani. Ukimwuliza jina la mtoto wa kubatizwa hukujibu jina la kijiji. Ukimwuliza mara ya pili husema “ndiyo”, akatabasamu. Hiyo “ndiyo” ni ngao yake. Na darasani mtoto hujificha nyuma ya ngao iyo hiyo: huitika pamoja na wenzake, hunakili daftari la jirani, na mwisho wa mwaka huonekana mjinga.

ADUI WAWILI: UMBALI NA MAKELELE

Kifaa cha kawaida cha kusaidia kusikia, ambacho walimu wa elimu maalumu hukiita shimesikio, huvaliwa sikioni na kukuza sauti. Ni msaada mkubwa. Walakini kina adui wawili.

Wa kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo tu. Mtu aliye hatua 2 kutoka kwako hupata robo ya ile aliyoipata hatua 1. Hatua 4 hupata sehemu moja ya 16. Hatua 8 hupata sehemu moja ya 64. Basi fikiri hali ya mtoto aliye dawati la nyuma.

Adui wa pili ni makelele. Shimesikio hukuza yote yanayoifikia: sauti ya mwalimu, madawati yanayokokotwa, watoto wanaonong’ona, na ile mvua ya Mbulu juu ya bati, ambayo hata mwenye masikio mazima humshinda. Shimesikio za siku hizi hujitahidi kuchuja, lakini haziwezi kurudisha sauti iliyokwisha kudhoofika njiani.

KIFAA CHENYEWE

Hapo ndipo simu ya upepo inapoingia. Kifaa hiki kina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni maikrofoni ndogo inayoning’inizwa shingoni mwa msemaji, kama shubiri moja chini ya kinywa. Hapo sauti hunaswa ingali na nguvu, kabla umbali na makelele hayajaigusa. Maikrofoni huigeuza kuwa umeme, na umeme huo hurushwa kwa mawimbi ya redio. Nusu ya pili ni kipokezi kidogo, kilichounganishwa na shimesikio au kuvaliwa peke yake, kinachoyapokea mawimbi na kuyarudisha kuwa sauti sikioni. Ni kama kituo kidogo cha redio chenye mtangazaji mmoja na msikilizaji mmoja. Darasani hutosha tangu ubao hata dawati la mwisho, na mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, sauti yake haigeuki naye.

Vifaa hivi ni vya namna mbalimbali. Tangu miaka ya 1970 shule za watoto wenye uziwi katika nchi nyingi zimetumia mawimbi ya FM, kama redio ya nyumbani. Vya siku hizi vingi hutumia mawimbi mafupi zaidi, jamii ya Bluetooth tuliyo nayo katika simu za mkononi. Iko na njia ya zamani zaidi iliyobuniwa Uingereza na Joseph Poliakoff mwaka 1937: waya huzungushwa ukutani mwa jumba zima na kufanya uga wa sumaku, na kila mwenye shimesikio yenye koili ndani yake hupata sauti ya msemaji popote aketipo. Makanisa mengi ya Uingereza yana waya huo. Tena mwaka 2022 ilitangazwa njia mpya iitwayo Auracast, ambayo kwayo maikrofoni moja ya ukumbi yaweza kupokewa na watu wengi kwa pamoja.

Hata simu za mkononi zimeanza kufanya kazi hiyo. Simu ya iPhone huwekwa mezani mbele ya msemaji, na msikiaji hupata sauti katika baadhi ya vifaa vya sikioni visivyo na waya. Kwa simu nyingine iko programu ya bure ya Google iitwayo Sound Amplifier, ya mwaka 2019, ambayo mwanzoni ilitumika na waya wa sikioni. Hizo zaweza kumfaa mtu mzima mwenye upungufu mdogo. Asizifungulie kwa nguvu zote, maana kelele ya karibu nayo yaweza kuharibu kilichobaki.

KABLA YA KUUZA NG’OMBE

Msomaji, usikimbilie kununua. Vifaa vizuri vya simu ya upepo bei yake ni ya ng’ombe kadhaa. Na vile vidogo vya bei rahisi vinavyouzwa mnadani hukuza kila kitu bila kupimwa kwa sikio la mvaaji, mbiu ya mnada pamoja na maneno.

Kwanza sikio litazamwe. Pengine ni nta tu iliyoziba, au usaha, mambo yanayotibika. Anzia zahanati yako, kisha hospitali: Mbulu, Haydom, Dareda, au Tumaini pale Katesh. Ikihitajika daktari wa masikio, pua na koo, watakuandikia kwenda mbele zaidi, kama vile KCMC Moshi. Upimwe kila sikio peke yake, maana kifaa hutengenezwa kwa kadiri ya kipimo, kama miwani. Na tangu leo acha kuingiza njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku au mafuta ya moto sikioni.

Pili, uliza habari za betri. Nyingi ni ndogo mfano wa kifungo cha shati, hudumu wiki moja au mbili, na ukishabandua kile kikaratasi chake huanza kufa hata usipoitumia. Kifaa kisicho na betri ni kokoto. Huko Otse, nchi ya Botswana, watu wenyewe wenye uziwi walifundishwa kutengeneza shimesikio zenye betri za kuchajiwa kwa jua. Jua la Hanang halitozwi kodi. Basi ukipata nafasi ya kuchagua, chagua kifaa cha kuchajiwa.

Tatu, ujue kwamba kifaa hiki humsaidia aliyebakiwa na usikivu. Aliyezaliwa haisikii hata ngoma, kukuza sauti hakutamfaa. Kwa baadhi ya watoto wadogo wa namna hiyo, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa upasuaji. Na wote, wakiwa na kifaa au bila kifaa, wana haki ya Lugha ya Alama na ya shule. Kanisa Katoliki lilifungua shule ya kwanza ya viziwi nchini huko Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Mtoto kiziwi si wa kufichwa zizini na ndama.

NUSU YA PILI NI YAKO

Sasa twafika kwenye neno lenyewe. Miwani humtosha mvaaji peke yake. Kifaa hiki hakimtoshi, maana nusu yake huvaliwa na mtu mwingine. Mwalimu akiona haya kuning’iniza maikrofoni shingoni, au akiisahau mezani, yule mtoto amerudi alikokuwa, ingawa baba yake ameuza ng’ombe.

Basi, Bwana Mwalimu, ivae. Mwanafunzi mwingine akijibu swali, mpe aishike aseme karibu nayo, la sivyo mwenzake atasikia maswali bila majibu. Ukitoka nje kuzungumza siri, izime, maana itampelekea yote. Mwenyekiti wa kijiji, katika mkutano maikrofoni izunguke, watu waseme mmoja mmoja. Katekista na msomaji, fanyeni vivyo hivyo. Nyumbani, nanyi watoto, msiseme na babu mkiwa mmempa mgongo. Akauone uso wako penye mwanga, kwa kuwa midomo nayo husema.

Tena kumbukeni usiku. Mwenye shimesikio huivua akilala. Asubuhi ile ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu wengi, tulijifunza kwamba onyo la kwanza laweza kuwa kelele za jirani. Kwa asiyezisikia, kelele hizo hazipo. Kila nyumba yenye mtu wa namna hiyo iwe na jirani mmoja aliyekwisha kukubali kwamba yeye ndiye atakayekwenda kumshika mkono.

Na wewe uliyekuwa unamchapa mtoto, jaribu kwanza hivi. Simama nyuma yake hatua tatu, asikuone, umwite jina lake kwa sauti ya kawaida, si ya ukali. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, weka fimbo chini, umpeleke zahanati.

Walakini hata kabla kifaa hakijapatikana, msaada mmoja uko karibu. Twalisema juu: umbali ukipunguzwa nusu, nguvu ya sauti huzidi mara nne. Basi ukiacha kumpigia mzee kelele toka mlangoni, ukatembea kutoka hatua nne hata hatua moja, ukaketi mbele ya uso wake, umemwongezea sauti mara 16. Wala hukununua betri.