Ng'ombe Yupi Atoke Bandani?

Bagamoyo hii haina bahari wala majahazi. Ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, nchi ya baridi ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na koti halivuliwi mwezi Juni. Migomba imezunguka nyumba, na katika vitongoji vya wilaya hii si ajabu kukuta nyuma ya jiko banda la mbao lenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu wa maziwa: Friesian, Ayrshire au Jersey waliochanganywa na damu ya kienyeji. Hawa hawaendi malishoni. Matete, majani ya Guatemala na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa huwafuata palepale walipo.

Katika banda la namna hii kumpata ng'ombe ni kazi, lakini kuamua yupi aondoke ni kazi zaidi. Viongozi wetu wana msemo wao, "kuvuna mifugo", na msemo huo una mahali pake. Wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali katika mkoa huuhuu wa Mbeya, mwaka 2006 na 2007, hoja ilikuwa wingi wa ng'ombe na kukauka kwa maji ya Ruaha. Mwenye ng'ombe 300 anaweza kuvuna. Mwenye wawili akivuna mmoja, amebaki na nusu ya mali yake, na kama aliyebaki hana mimba, amebaki na mlaji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa. Mfugaji makini hulenga apate ndama kila baada ya miezi 12 au 13, amkamue kwa siku 305 hivi, kisha amkaushe miezi miwili ili ajiandae kuzaa tena. Asiposhika mimba, maziwa hushuka wiki baada ya wiki hadi chuchu zikauke, ila hamu ya majani haishuki hata kidogo. Wataalamu husema aliyepandishwa mara tatu bila kushika anastahili kuchunguzwa. Hapo ningeomba subira kidogo, maana mara nyingi anayestahili kuchunguzwa kwanza ni mwenye ng'ombe. Joto huja kila baada ya siku 21 na hudumu saa chache tu, pengine usiku watu wamelala. Mhimilishaji akiitwa asubuhi akafika jioni ya kesho yake, mbegu hazina kazi tena. Na ng'ombe anayelishwa vigogo vya migomba mfululizo, bila pumba wala madini, mwili wake hukataa mimba kwa sababu ya njaa. Wangapi wameitwa tasa wakapelekwa buchani, kumbe kasoro ilikuwa kwenye hori!

Huko Marekani, mashamba ya maziwa huondoa karibu theluthi moja ya ng'ombe wake kila mwaka, na wengi hupakiwa kwenye lori kabla ya kumaliza uzao wa nne. Wanaweza kufanya hivyo kwa kuwa mitamba ya kujaza nafasi ipo tayari. Rungwe mtamba bora ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi Tanzania walimpata wa kwanza kupitia mipango ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", iliyoenezwa na shirika la Heifer International pamoja na makanisa na miradi mingine: unapewa mtamba, na jike lake la kwanza unalikabidhi kwa familia nyingine. Likizaliwa dume, deni linasubiri. Mtu aliyengoja miaka mitatu ndipo aanze kuita ng'ombe wake "wangu" hawezi kumwondoa kwa kufuata jedwali la kitabuni.

Pia ng'ombe hatoi maziwa tu. Samadi yake ndiyo inayoibeba migomba, na mgomba ndio chakula na fedha ya nyumba. Ng'ombe mzee anayetoa lita mbili anaweza kuwa na maana kuliko lita zake zinavyosema. Ukiongeza mila, hesabu inazidi kuchanganyika. Kwa Wanyakyusa ng'ombe alikuwa mahari na urithi, na alikuwa msiba pia: Godfrey Wilson, aliyekaa Rungwe miaka ya 1930, aliandika mwaka 1939 juu ya mazishi yao na ng'ombe waliochinjwa humo. Desturi zimepungua makali, lakini simu ya msiba ikipigwa bado hakuna anayesema kwanza afungue daftari la maziwa.

Basi mifugo huchujwa na shida, na shida huchuja kinyumenyume. Ada ya shule ikifika, au mgonjwa akilazwa, mwenye banda hahitaji kuuza ng'ombe mbaya. Anahitaji kuuza haraka. Anayeuzika haraka na kwa bei nzuri ni yule mwenye kiwele kipana na mimba changa. Huyo ndiye anayeondoka. Yule anayepata ugonjwa wa kiwele kila akizaa, yule anayepiga teke ndoo, anabaki, na mtamba wake ndiye atakayeitwa mbegu ya kesho. Nadhani hili linaturudisha nyuma kuliko upungufu wa mbegu bora tunaoulalamikia kila bajeti ya wizara inaposomwa.

Kuna wachache ambao uamuzi wao ungekuwa mwepesi kama watu wangejua. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, jike yule katika visa tisa kati ya kumi huwa tasa tangu tumboni, kwa kuwa damu yake imechanganyika na ya kaka yake. Anakua vizuri, ananenepa, anapendeza machoni. Unaweza kumlisha miaka mitatu ukingoja joto lisilokuja. Huyo ni wa nyama, na mapema.

Mgumu kuliko wote ni aliyetupa mimba. Ugonjwa wa kutupa mimba, ambao madaktari huuita bruselosi, hukaa ndani ya ng'ombe maisha yake yote. Hila yake ni hii: wengi hutupa mara moja tu, kisha huzaa kawaida huku vijidudu vikiendelea kutoka kwenye maziwa na kondo la nyuma. Muuzaji anaweza kuapa kwamba ng'ombe wake ni mzima, na mnunuzi akaona mimba kwa macho yake. Kwa hiyo ng'ombe aliyepaswa kwenda machinjioni anahamia banda la jirani, anaambukiza wenzake, na wanywaji wa maziwa mabichi wanapata homa isiyoisha, wanapimwa malaria, wanameza dawa za malaria, na homa inarudi.

Tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na ile ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010, ambayo ndiyo msingi wa hereni za masikioni. Hereni humwonyesha ng'ombe alikotoka. Haimfanyi mwenye ng'ombe akubali hasara. Anayesema ukweli hupata bei ya bucha. Anayenyamaza hupata bei ya ng'ombe mwenye mimba, na kati ya bei hizo mbili mna ada ya mwaka mzima. Vyama vya wafugaji vinavyopeleka maziwa pamoja vingeweza kukata shilingi chache kwa kila lita, fedha hizo zikamfidia mwanachama ambaye kipimo cha damu kimemhukumu ng'ombe wake. Hadi hapo, anayenunua ng'ombe Tukuyu asiishie kuuliza lita ngapi. Aulize alizaa lini mara ya mwisho, mimba ngapi zilitoka, na kwa nini anauzwa. Halafu amlipe daktari wa mifugo apime damu kabla ya kufungua pochi.