Nyumba ya Chipembele ku Shiwa Ng'andu

Sisi bantu ya Katanga tunajua tofali. Kambi zetu, nyumba za bakubwa, masomo: vingi vilijengwa na udongo uliochomwa. Leo twende pamoja ngambo ya mupaka, ku Zambia, kuona nyumba moja kubwa ya tofali nyekundu ambayo inashangaza wasafiri mpaka sasa.

Mwenye nyumba alikuwa Mwingereza, Stewart Gore-Browne. Alifika huku mwaka 1911, kijana wa jeshi, kati ya wale waliopima mupaka wa Katanga na Rhodesia ya Kaskazini. Njo ule mupaka unaokata jamaa zetu: ndugu mumoja huku, mwingine kule. Kazi ilipoisha, 1914, aliona ziwa Shiwa Ng'andu, akalipenda. Ng'andu ni mamba, tena njo jina la ukoo wa wafalme wa Babemba. Vita ikamuita Ulaya. 1920 akarudia na kuanza kujenga.

Treni ilipita mbali, ku Ndola, ile ile inayofika kwetu. Kutoka pale bantu balibeba vitu juu ya kichwa mpaka mto Luapula. Mitumbwi ikavuka mabwawa ya Bangweulu. Kisha kichwa tena. Vitabu, vyombo, vyote vilipita hivyo, majuma mazima. Lakini tofali na vigae vya paa havikutoka Ulaya. Vilifinyangwa na kuchomwa palepale, na bantu ya palepale.

Njo hao balisimamisha ghorofa, mnara, lango, kanisa dogo na chumba cha vitabu. Ungesema nyumba ya bwana mukubwa wa Uingereza katikati ya pori. Pesa nyingi zilitoka kwa shangazi yake, Ethel Locke King. Shamba nalo lilitoa mafuta ya harufu nzuri ya machungwa na malimau, mpaka ugonjwa ukaua miti.

Bantu balimuita Chipembele, maana yake kifaru. Alikuwa na hasira, alipiga wafanyakazi. Na bado, baadaye, alisimama katika siasa upande wa Kenneth Kaunda. Alipokufa, 1967, serikali ya Zambia ilimuzika kwa heshima kubwa.

Jina lake linajulikana. Ya bale bapiga tofali, hapana. Babemba wengi balikuja pia kutumika katika migodi yetu. Kama kwenu kuko muzee ambaye baba yake alibeba mizigo ya njia ya Ndola, ao alichoma tofali kule, muikale naye, mumuulize jina lile, mukaliandike.