Daftari za Mvua na Ziwa Nakuru

Mwenye kutaka kujua kama mvua ya Nakuru inapungua au inazidi, au kama ukame hurudi kwa miaka maalumu, sharti azichunguze daftari za vipimamvua, ambazo katika Bonde la Ufa zilianza kuandikwa mapema katika karne ya ishirini, kama kadhi achunguzavyo mashahidi. Maji hupimwa kila siku saa tatu asubuhi na kuandikwa. Lakini mti uliopandwa karibu na chombo, ukikua miaka kumi, huzuia matone yaangukayo mshazari, na daftari ikaonyesha upungufu usiokuwako angani. Ndiyo sababu kituo cha Nakuru hulinganishwa na jirani zake wa Njoro na Naivasha: kilichoshuka peke yake kina ila.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni shauku ya kuona mizunguko. Mwaka 1923 Mwingereza C.E.P. Brooks alilinganisha kina cha Ziwa Victoria na madoa ya jua, ambayo huzidi na kupungua kila miaka 11 hivi, akakuta vikipanda na kushuka pamoja kwa ajabu. Lakini haikupita miaka mingi uhusiano ule ukavunjika. Naye mwanahesabu Eugen Slutsky, mwaka 1927, alibainisha kuwa hata tarakimu za bahati nasibu, zikifanyiwa wastani wa miaka kadhaa unaosogea, huzaa mawimbi yanayofanana na mizunguko. Kwa hiyo siukubali mzunguko wowote abadani mpaka ujaribiwe kwa miaka ambayo haikutumika kuutafuta.

Mwelekeo nao hutegemea mwanzo wake. Aanzaye na gharika ya mwisho wa 1961 akakomea ukame wa 1984 atasema mvua inatoweka. Aanzaye 1984 akakomea 2020 atasema inazidi. Na wote wawili wamesoma daftari ile ile. Ziwa Nakuru, lisilo na mto wa kutokea, hujumlisha mvua za miaka mingi: katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote, na tangu 2010 hivi likapanda hata likalifunika lango kuu la hifadhi ya wanyama inayolizunguka, ingawa ukataji wa misitu ya Mau nao yamkini una sehemu yake. Wapangao mipaka ya makazi upande wa Mwariki, mtaa ulio kando ya ziwa, ambako familia zimehamishwa na maji, wasipime kwa miaka mikavu waliyoizoea, bali kwa daftari nzima, gharika ya 1961 ikiwamo.