Je, Wajua? Msimbo Hukaguliwa Kabla Haujafika Zahanati

Je, wajua kwamba UgandaEMR, mfumo wa kielektroniki wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya afya vya Uganda, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006? Msimbo wa OpenMRS, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, huwekwa wazi kwenye tovuti ya GitHub katika hazina (maghala ya msimbo) nyingi, kwa kuwa moduli, yaani vipande vya nyongeza vinavyoongezwa kwenye programu kuu, kwa kawaida huwa na hazina zake.

Hazina hizo huunganishwa na zana za ujumuishaji endelevu, kama vile Bamboo na GitHub Actions, ambazo, kila mtayarishaji programu anapowasilisha badiliko, huuchukua msimbo mpya, huujenga, kisha huufanyia majaribio bila kusubiri amri ya mtu. Jaribio likifeli, alama nyekundu hujitokeza kando ya badiliko hilo, na wasimamizi huweza kulizuia hadi lirekebishwe.

Kwa maeneo kama Ludara, wilayani Koboko, yaliyo mamia ya kilomita kutoka Kampala, ukaguzi huo una uzito wa pekee, kwani hitilafu iliyonaswa mapema haimkwamishi mtunza kumbukumbu mbele ya foleni ya wagonjwa, wala haimlazimu fundi kufunga safari ndefu. Hata hivyo, majaribio hunasa tu kasoro yalizoandikiwa, na ndiyo maana msimbo husomwa pia na binadamu.