Vidato 1,311: Mgonjwa wa Saratani ya Damu Katika Upandaji Ngazi wa Hisani

Upandaji ngazi wa hisani ni shughuli ya kuchangisha fedha ambamo washiriki hupanda kwa miguu ngazi za ndani za jengo refu, zile ambazo kwa kawaida hukumbukwa pale tu lifti inapokwama au moto unapozuka, na kila mshiriki huwaomba ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wachange fedha kwa ajili ya safari yake hiyo. Mojawapo ya shughuli za aina hii zinazojulikana sana ni Big Climb, inayofanyika katika jengo la Columbia Center mjini Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jengo hilo, lililokamilika mwaka 1985, lina ghorofa 76, na njia ya washiriki hupitia ghorofa 69 zenye vidato 1,311, hata wafikapo juu wawe wamejiinua mita zipatazo 240 kutoka walipoanzia. Fedha zinazopatikana huenda kwa shirika lililoanzishwa mwaka 1949 na wazazi waliofiwa na kijana wao wa miaka 16, Robert Roesler de Villiers, kwa saratani ya damu; kwa miaka mingi shirika hilo lilijulikana kama The Leukemia & Lymphoma Society, na mwaka 2025 likachukua jina la Blood Cancer United.

Watu wengi hupanda kwa kumkumbuka marehemu au kumuunga mkono mgonjwa aliye nyumbani. Wapo pia wanaopanda hali wao wenyewe ndio wagonjwa, baadhi yao wakiwa bado wanameza dawa kila siku. Hao ndio wanaostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa jambo linaloweza kuonekana kama ushujaa wa siku moja kwa kweli ni kazi ya miezi mingi ya kupima, kupanga na kujizuia, na kwa kuwa uwezo wao wa kupanda umetokana kwa sehemu na michango ya watu waliowatangulia.

Saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Jina hilo hujumuisha maradhi yanayoanzia katika chembe za damu au katika viungo vinavyozitengeneza na kuzitunza, hasa uboho, yaani ule ute laini ulio ndani ya mifupa, ambao katika hospitali nyingi za Tanzania huitwa uloto. Lukemia hutokea chembe changa, kwa kawaida zile nyeupe, zinapozaliana bila mpango na kuzinyima nafasi chembe zenye afya. Limfoma huanzia katika chembe nyeupe zinazoitwa limfosaiti na mara nyingi hujitokeza kama uvimbe wa tezi. Na mayeloma huanzia katika chembe zinazotengeneza kingamwili, ikiila mifupa na kuyaelemea mafigo. Kuna aina zinazokuja kwa kasi na kudai matibabu ndani ya siku chache, na kuna aina sugu zinazokwenda polepole, kiasi kwamba baadhi ya wenye lukemia sugu ya limfosaiti hukaa miaka mingi wakipimwa tu bila kupewa dawa yoyote. Ni kutokana na aina hizo sugu ndipo likapatikana kundi kubwa la watu ambao hawajapona na wala hawako kitandani, wanaokwenda kazini, wanaolea watoto, na ambao siku moja husikia habari za upandaji ngazi wakajiuliza kama miili yao itaweza.

Historia ya lukemia sugu ya mailoidi yaonyesha wazi jinsi kundi hilo lilivyopatikana. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida ndani ya chembe za wagonjwa wa maradhi haya; mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaeleza kwamba ufupi huo hutokana na vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana mahali. Kubadilishana huko huzaa protini yenye kuiamuru chembe izaliane bila kukoma. Daktari Brian Druker wa Oregon, ambaye utafiti wake ulisaidiwa na fedha za shirika lile lile linaloandaa Big Climb, aliongoza majaribio ya dawa ya kuizima protini hiyo, imatinibu, ambayo wagonjwa wa kwanza walianza kuimeza mwaka 1998 na ambayo serikali ya Marekani iliidhinisha Mei 2001. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanza na dawa hiyo, zaidi ya asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka kumi, ilhali kabla yake wengi hawakuwa wakifikia muda huo. Mgonjwa wa aina hii anayepanda ngazi leo anapanda kwa mwili uliohifadhiwa na fedha zilizokusanywa kidogo kidogo kwa njia kama hii ya ngazi, na ukweli huo una uzito kuliko hotuba yoyote inayoweza kutolewa kwenye uwanja wa kuanzia.

Hata hivyo ngazi hazimhurumii mtu kwa sababu ya historia yake. Anayetembea kwenye tambarare huusukuma mwili mbele, bali anayepanda huuinua mwili mzima katika kila kidato. Kumwinua mtu wa kilo 70 hadi mita 240 huhitaji kazi ya takriban kilojuli 165, na kwa kuwa misuli hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati yake kuwa kazi, sehemu kubwa iliyobaki ikipotea kama joto, mwili hulazimika kutumia mara nne ya kiasi hicho. Nishati hiyo kwa jumla si kubwa, kwani haizidi ile iliyomo katika chapati moja ya mafuta. Ugumu uko katika muda. Anayefika juu kwa nusu saa hutumia zaidi ya lita moja ya oksijeni kila dakika, yapata mara tano ya anayotumia akiwa ameketi, na oksijeni yote hiyo lazima ibebwe na damu.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapokutana na ngazi. Oksijeni hubebwa na hemoglobini, kemikali nyekundu iliyo ndani ya chembe nyekundu, na mtu ambaye hemoglobini yake imeshuka kutoka gramu 13 hadi gramu 9 katika kila desilita ya damu amepoteza karibu theluthi moja ya uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Moyo hujaribu kulipa deni hilo kwa kupiga haraka zaidi, na ndiyo maana mgonjwa mwenye upungufu wa damu husikia mapigo masikioni na kuishiwa pumzi kwenye ghorofa ya tatu, mahali ambapo mwenzake wa umri uleule bado anazungumza. Ikiwa mgonjwa huyo aliwahi kutibiwa kwa doksorubisini, dawa itumiwayo sana katika limfoma na ambayo huweza kudhoofisha misuli ya moyo, basi moyo unaoombwa kulipa deni huenda nao una upungufu wake, na kipimo cha moyo kabla ya kuanza mazoezi ni jambo la lazima.

Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuigandisha damu mahali palipojeruhiwa, kwa mtu mwenye afya hufikia kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita. Zikishuka sana chini ya 50,000, kujikwaa kidogo na kuligonga goti kwenye ukingo wa zege kunaweza kusababisha damu kuvia kwa kiwango cha hatari, na mazoezi mazito hayafai. Anayetumia au aliyewahi kutumia vinkristini, dawa inayotokana na mmea wenye asili ya Madagaska, anaweza kuwa na ganzi ya nyayo inayomfanya asihisi vyema kidato kinapoishia. Mwenye mayeloma ana mifupa ambayo huenda imetobolewa na ugonjwa, hivyo daktari huhitaji kuitazama picha ya uti wa mgongo na ya nyonga kabla ya kusema ndiyo. Ni vyema pia kwamba katika Big Climb watu hushuka kwa lifti, maana kushuka ngazi huumiza misuli ya mapaja na magoti kuliko kupanda, na uchovu wa misuli ndio huwaangusha watu.

Jambo moja husahaulika kwa urahisi, nalo ni hewa. Ngazi za dharura zimefungiwa kuta pande zote, na mamia ya watu huhema ndani yake kwa nguvu kwa wakati mmoja. Mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe za ulinzi ni chache anaweza kuambukizwa mahali kama hapo kwa wepesi zaidi kuliko barabarani, na kwake homa ya nyuzi 38 ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo. Kuomba kuanza miongoni mwa wa kwanza, kabla ngazi hazijajaa, ni ombi lenye msingi wa kitabibu na halipaswi kuonekana kama upendeleo.

Kwa miaka mingi jibu la madaktari kwa uchovu wa saratani lilikuwa kumwambia mgonjwa apumzike. Uchovu huo ni tofauti na ule wa kazi, kwa sababu usingizi hauuondoi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi pumziko lisilo na kikomo huuzidisha, kwa kuwa misuli isiyotumika hunyauka, na mwaka 2019 jopo la wataalamu lililoitishwa na chuo cha tiba ya michezo cha Marekani lilieleza kwamba mazoezi ya wastani ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki 12 hivi, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa watu walio na saratani. Maandalizi ya kupanda jengo yanaweza kuwa ndiyo mazoezi yenyewe. Mgonjwa huanza na ghorofa mbili au tatu, hupumzika, hurudia, na huongeza kidogo kila wiki ikiwa damu yake inaruhusu. Katika wiki ya kupungua kwa hemoglobini, hurudi nyuma bila kujilaumu. Kipimo kizuri cha kasi ni mazungumzo: anayeweza kutamka sentensi nzima bado yuko salama, na anayekatika neno kwa neno amekwenda mbio. Wanaopanda sana hushika kishikio cha ngazi na kujivuta kwa mikono, jambo linaloipunguzia miguu mzigo na kuwakinga wasianguke.

Waandaaji wana wajibu mkubwa kuliko mwanariadha yeyote. Ngazi inayomruhusu mtu kutoka katika ghorofa yoyote ya katikati, akapewa maji na kiti, akashushwa na lifti bila kuulizwa, humwokoa mgonjwa na shinikizo baya kuliko yote, nalo ni aibu ya kuwakatisha tamaa waliomchangia. Mchango umekwisha kutolewa kabla ya kidato cha kwanza, na hakuna shilingi wala dola inayorudishwa kwa sababu mtu aliishia ghorofa ya 30.

Uhusiano wa Seattle na Afrika Mashariki upo, ingawa haupiti katika ngazi. Mji huohuo ndio makao ya Max Foundation, shirika lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo kwa ushirikiano na kampuni ya Novartis liliwafikishia imatinibu bila malipo wagonjwa wa nchi nyingi, Kenya ikiwamo, wakati ambapo bei yake ilikuwa haishikiki kwa familia ya kawaida. Eneo hili nalo limechangia elimu ya maradhi haya: ni katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako Denis Burkitt aliona uvimbe wa taya kwa watoto akauelezea mwaka 1958, na limfoma hiyo bado inaitwa kwa jina lake.

Baada ya kupanda, mgonjwa hubaki na jambo moja la kitabibu ambalo wachache huliwazia. Mazoezi makali hupandisha kwa muda idadi ya chembe nyeupe katika damu, na huongeza kemikali zinazotoka katika misuli iliyochoka, mabadiliko ambayo mtu asiyejua chanzo chake anaweza kudhani ni ugonjwa unaorudi. Kwa hiyo kipimo cha damu hupangwa siku kadhaa baadaye, na ikiwa hakiwezi kuahirishwa, anayetoa damu humweleza muuguzi au daktari kwamba jana au juzi alipanda ghorofa 69.