Taa za matatu: Umeme haba, hatari tele

USIKU unapoingia jijini Nairobi, matatu nyingi hung'aa mithili ya kumbi za burudani. Taa za samawati, nyekundu na zambarau humulika dari, sakafu na hata chini ya gari. Vijana huvutiwa na magari hayo, nao wenye matatu hawataki kupitwa na washindani.

Hata hivyo, nyaya zinazolisha taa hizo zikiungwa ovyo, pambo laweza kuwa chanzo cha moto.

Taa za LED zimesifiwa kwa kutumia umeme kidogo kuliko balbu za kawaida, ambazo hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa njia ya joto. Udhaifu wake ni kwamba volti ikipanda kidogo tu, mkondo unaopita ndani yake huongezeka mno.

Nao umeme wa gari haukai mahali pamoja. Betri ya volti 12 iliyojaa huwa na takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwashwa, alteneta huzipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4.

Mikanda mingi ya LED imegawanywa katika vikundi vya taa tatu tatu, kila kimoja kikiwa na rezista, yaani kifaa kidogo cha kupunguza mkondo. Taa tatu nyeupe huhitaji karibu volti 9.6. Umeme ukiwa volti 12, rezista hubakiwa na volti 2.4. Ukifika 14.4, hubakiwa na 4.8, na mkondo hukaribia kuongezeka maradufu. Ndipo mkanda uliopendeza dukani huanza kupata joto na kuungua kipande kwa kipande. Tiba yake ni kidhibiti volti, kinachowekwa kati ya betri na taa.

Mabasi makubwa mengi hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili. Baadhi ya mafundi huchota volti 12 kwenye betri moja pekee. Betri hiyo huchoka mapema, huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi. Linalofaa ni kutumia kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12.

Taa za mirija, yaani fluoresenti, ambazo zilizoeleka ndani ya mabasi, zina masharti mengine. Haziwezi kuwaka kwa umeme wa betri pasipo inveta, ambayo hupandisha volti hadi mamia. Kwa hivyo nyaya zake hazifai kuguswa taa zikiwaka. Aidha, mirija hiyo ina zebaki, ambayo ni sumu. Mnamo 2023, mataifa wanachama wa Mkataba wa Minamata yaliafikiana kukomesha utengenezaji na biashara yake kufikia 2027.

Lililo muhimu kuliko yote ni fyuzi. Kazi yake hasa ni kulinda waya. Taa za wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12, hivyo fyuzi ya ampea 7.5 yatosha, nayo iwekwe karibu na betri. Waya uwe na unene wa kuhimili mkondo unaozidi kiwango cha fyuzi.

Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi huondoa kinga hiyo. Waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, betri yaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla. Waya huwa mwekundu kwa joto na kuwasha vitambaa vya dari, abiria wakiwa wameketi chini yake.

Kadhalika, taa za ampea 5 zikiachwa zikiwaka kwa saa 10 humaliza ampea-saa 50, karibu betri nzima ya 60. Yafaa ziunganishwe kupitia rilei inayotegemea swichi ya injini, zizimike gari linapozimwa.

Fyuzi na kidhibiti volti ni gharama ndogo mno zikilinganishwa na thamani ya gari, sembuse uhai wa abiria.